Uanagenzi wa pamoja: meneja wa mradi wa reli anavyofunzwa na kampuni zaidi ya moja

Uanagenzi wa pamoja ni mpango ambao mwanafunzi wa kazi huajiriwa na chombo kimoja, kisha hupelekwa kufanya kazi kwa awamu katika kampuni kadhaa. Chombo hicho ndicho chenye mkataba naye, humlipa mshahara na kuhakikisha masomo yake hayakatiki. Kampuni zinazompokea humpa kazi halisi na msimamizi, na hulipia muda anaokuwa kwao. Nchini Uingereza mpango huu umezoeleka zaidi kwa mafundi wa ujenzi, lakini sekta ya reli ina sababu zake za kuutumia kuwaandaa mameneja wa miradi.

Ya kwanza ni muda. Uanagenzi wa meneja msaidizi wa miradi, ngazi ya 4 kwa utaratibu wa England, huchukua takriban miaka miwili. Kampuni ndogo inayofunga mitambo ya ishara huenda ina kandarasi ya miezi saba, na baada ya hapo haijui itakula wapi. Itamwahidije kijana miaka miwili? Isitoshe, Network Rail, inayomiliki sehemu kubwa ya njia za reli nchini humo, hupanga bajeti yake kwa vipindi vya miaka mitano. Cha sasa kilianza Aprili 2024 na kitaisha Machi 2029. Kipindi kikianza, wakandarasi husubiri kazi. Kikishika kasi, watu hawatoshi. Mwanagenzi aliyefungwa kwa mwajiri mmoja huyumba pamoja na mawimbi hayo, ilhali mwenye chombo nyuma yake huhamishiwa kwenye kazi.

Kuna pia fedha. Tangu Aprili 2017 waajiri wakubwa, wale ambao mishahara wanayolipa inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka, hutozwa asilimia 0.5 ya mishahara hiyo kwa ajili ya uanagenzi, na wanaruhusiwa kuhamishia wengine sehemu ya fungu lao ambalo hawajalitumia. Hili husaidia, ingawa sidhani kama peke yake lingetosha kumshawishi mtu.

Kinachoshawishi ni asili ya kazi yenyewe. Meneja wa mradi wa reli hachimbi wala hachomelei. Kazi yake iko pale ambapo kazi ya mmoja inakutana na ya mwingine: mwenye njia, mbunifu, mkandarasi, mwendeshaji wa treni. Chukua suala la kufunga njia ili mafundi waingie. Ukiwa upande wa mwenye njia unajifunza kwamba kibali huombwa mapema mno, na kwamba treni zikichelewa kwa sababu ya kazi yako, waendeshaji hulipwa fidia. Ukiwa upande wa mkandarasi unajifunza kwamba usiku wa kazi wenye urefu wa saa tano si saa tano za kazi: ondoa muda wa kuzima umeme, kuingiza mashine na kuzitoa, ubaki na saa mbili na ushei. Desemba 27, 2014, kazi za Krismasi eneo la Holloway, London, zilipitiliza muda, stesheni ya King's Cross ikabaki imefungwa, na abiria wakamiminika stesheni ya Finsbury Park hadi kukawa hapaingiliki. Aliyewahi kupanga usiku wa aina hiyo akiwa pande zote mbili atauliza maswali tofauti kabla ya kutia saini ratiba.

Crossrail, mradi wa reli mpya inayopita chini ya London, nayo ina somo lake. Mahandaki yalikamilika mwaka 2015, ufunguzi ukapangwa Desemba 2018, lakini njia hiyo, Elizabeth line, ilifunguliwa Mei 24, 2022. Tatizo moja kubwa lilikuwa kuunganisha treni na mifumo mitatu tofauti ya ishara. Shimo lilikuwa tayari. Viungo ndivyo vilivyokataa.

Mpango huu una kasoro zake. Kampuni inayojua kijana ataondoka baada ya miezi sita hushawishika kumpa kuandika kumbukumbu za vikao tu. Kampuni zinazoshindana huogopa bei zao kusafirishwa kichwani mwake. Usalama nao unataka mwenyewe: kila anayefanya kazi relini huhitaji kadi ya Sentinel, kitambulisho cha kumruhusu kufanya kazi huko, yenye mdhamini mkuu, ambaye huwajibika kwa mafunzo yake, vipimo vya afya na saa zake za kazi, kwa hiyo lazima ikubaliwe mapema nani anabeba jukumu hilo. Na miradi ya reli huchukua miaka. Anayehamahama haraka huona maamuzi yakifanywa na haoni yanavyozaa. Kwa maoni yangu, ni heri awamu chache na ndefu, na ikiwezekana zote ziuzunguke mradi uleule: leo ofisini kwa mwenye njia, mwakani kwa mkandarasi wake.

Anayefikiria kujiunga aulize mambo machache kabla ya kusaini. Nani atamsimamia kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata anapobadilisha kampuni? Nani aliyemaliza ameajiriwa, na wapi? La muhimu kuliko yote, awamu moja ikiisha kabla nyingine haijapatikana, mshahara unaendelea au unasimama?