Je, wajua kwa nini Dodoma haikuchorwa kuwa mji wa maghorofa?

Miji mikuu iliyoanzishwa upya katika karne ya 20 hupenda kujionyesha. Brasília, iliyofunguliwa mwaka 1960, ina barabara pana iliyopangiwa majengo ya serikali. Abuja ina mhimili wake unaoelekea mwamba wa Aso. Dodoma nayo iliamuliwa na TANU kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini mpango wake wa kwanza haukuwa na fahari ya namna hiyo. Ukiuliza kwa nini, wengi watakujibu kwa maneno mawili: hela hazikuwepo.

Jibu hilo ni gumu kuling'oa kwa sababu halikosi ukweli kabisa. Mji ulijengwa polepole mno. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimeza fedha nyingi, bei ya mafuta ilipanda, na wizara ziliendelea kukaa Dar es Salaam miaka na miaka. Mtu akiona viwanja vikiota nyasi, atasema serikali ilitaka mji mkubwa ikashindwa.

Lakini hapo mambo mawili yamechanganywa: kasi ya ujenzi na umbo la mji. Karatasi ya mchoraji haitozi fedha kwa kila ghorofa. Nchi isiyo na uwezo inaweza kabisa kuchora mnara wa ghorofa 40 na kuishia kujenga msingi tu, na zipo zilizofanya hivyo. Kwa Dodoma hali ni tofauti: michoro yenyewe ni ya mji mfupi, uliotawanyika kufuata vilima na mabonde, wenye miti mingi na majengo yasiyozidi sana kimo cha mazingira yake. Mpango Kabambe huo ulikamilika mwaka 1976, kabla ya vita. Ukata ulichelewesha ujenzi, ila ufupi wa mji ulikusudiwa. Ni kweli kwamba mwaka 1976 nchi ilikuwa tayari imeumizwa na ukame na bei za mafuta, na hesabu hizo bila shaka zilikuwa mezani. Hata hivyo zingeweza kuwafanya wachoraji wapunguze ukubwa bila kubadili umbo. Umbo lilitoka kwenye siasa ya Ujamaa. Mwalimu Nyerere alitaka makao makuu yawe kijiji kikuu katika nchi ya vijiji, na kijiji hakina barabara ya gwaride.

Waliokabidhiwa kazi hiyo walikuwa Project Planning Associates, kampuni ya wapanga miji na wasanifu kutoka Toronto, Kanada, chini ya Macklin Hancock. Tanzania haikuwa ngeni kwao: wao ndio waliochora Mpango Kabambe wa Dar es Salaam wa 1968. Jina la Hancock lilikuwa limejulikana tangu miaka ya 1950 kwa Don Mills, kitongoji cha Toronto alichokipanga akiwa bado kijana: mitaa minne kuzunguka kituo cha maduka, kila mtaa na shule yake ya msingi, na njia za miguu zilizotengwa na magari. Upande wa Tanzania, mwajiri wao alikuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyoundwa 1973. Baadaye kitovu cha serikali kilipewa wachoraji wengine, Conklin Rossant wa New York, waliowahi kuupanga mji wa Reston huko Virginia.

Mitaa ya Don Mills inaonekana tena Dodoma, lakini imevikwa vazi la hapa. Ngazi ya chini kabisa ya makazi ilikuwa nyumba kumi, zile zile za balozi. Nyumba kumi zikiunganishwa na nyingine zinazaa mtaa wenye shule, mitaa ikiunganishwa inazaa jumuiya yenye soko na zahanati. Kipi katika hayo kilitoka Toronto na kipi kilitoka TANU, michoro peke yake haiwezi kututenganishia. Mimi naona mawazo mawili yaliyofanana yalikutana, ndiyo maana yakashikana kirahisi hivyo.

Sehemu inayostahili kutazamwa kwa utulivu ni namna jumuiya hizo zilivyounganishwa. Fikiria perege wa Mtera aliyekwisha kuliwa, mifupa mitupu imebaki kwenye sahani. Uti wa mgongo ni barabara ya mabasi peke yake, inayopita katikati ya jumuiya zote. Miba ni njia za miguu na baiskeli zinazotoka majumbani kuja kituoni. Magari binafsi yanapita nje, pale ngozi ilipokuwa.

Faida yake inaonekana kwa hesabu ndogo. Mtu mzima akitembea kawaida huenda kama mita 80 kwa dakika. Ukitaka asitembee zaidi ya dakika kumi kufika kituoni, makazi yasienee zaidi ya mita 800 kila upande wa uti, yaani ukanda wa kilomita 1.6 hivi kwa upana. Mji wa duara ukikua, kila familia mpya inasukumwa mbali zaidi na katikati. Mji wa ukanda ukikua unaongeza pingili moja ya uti na kituo kimoja, na aliyehamia mwisho anatembea dakika zile zile kulifikia basi kama aliyetangulia, ingawa safari yake ya basi inakuwa ndefu. Tena kila pingili inafaa kukaliwa hata kama inayofuata haijajengwa. Kwa nchi inayojenga kwa awamu, huo ni ubunifu wa hali ya juu, na unasikitisha kwa namna unavyotajwa kwa nadra.

Uti huo haukujengwa kama ulivyochorwa. Majina kama Area C na Area D yamebaki yakikumbusha kwamba mji huu ulianza kama herufi kwenye ramani, lakini daladala, bajaji na malori yanagombania barabara zile zile. CDA ilivunjwa mwaka 2017, Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, na Mji wa Serikali ukawekwa Mtumba, zaidi ya kilomita 15 mashariki ya katikati ya mji. Kwa umbali huo mtumishi anayeishi Nkuhungu hawezi kwenda kazini kwa miguu, na baiskeli itamtesa. Anahitaji basi lenye njia yake.

Tanzania ilikuja kujenga barabara za namna hiyo, ila Dar es Salaam ndiyo iliyozipata kwanza: mabasi ya mwendokasi yalianza kupita Morogoro Road mwaka 2016, miaka 40 baada ya Dodoma kuchorewa za kwake.