Muziki wa chemba si wa chumbani

Wiki iliyopita jamaa yangu anayeishi Ujerumani alinitumia tangazo la onyesho alilowatafsiria Waswahili wenzake wa huko. Kwateti za sauti, yaani waimbaji wanne, kila sauti mtu mmoja; piano ya mikono minne, yaani wapigaji wawili kwenye piano moja; watunzi Schubert na Brahms, mambo mazuri. Ila juu kabisa, kwa herufi kubwa, aliandika: "Jioni ya muziki wa kimapenzi wa chumbani." Dada mmoja aliyelisoma akauliza, kwa adabu zake zote, kama watoto wanaruhusiwa.

Si yeye wa kwanza. Nimeshakutana na "muziki wa chumba" na hata "muziki laini wa kusindikiza chakula", vyote vikikusudiwa kuwa muziki wa chemba. Kwa ufupi basi: ni muziki wa watu wachache, kila mmoja akibeba sehemu yake peke yake, bila mtu wa kusimama mbele na kupunga kijiti. Hapo ndipo unapoachana na kwaya. Sisi tuliolelewa na kwaya za kanisani tunazijua soprano, alto, teno na besi, lakini besi wetu wako sita, mmoja akipaliwa watano wanaendelea. Kwenye kwateti besi ni mmoja. Akipaliwa, wimbo umekosa sakafu.

Sasa neno lenyewe. Chumba na chemba yanafanana kama pacha, ila hayana hata babu mmoja. Chumba ni letu la asili, ni nyumba iliyodogoshwa. Chemba limetoka mbali: Wagiriki walikuwa na kamara, yaani kuba au dari ya kuba; Walatini wakasema camera, Wafaransa chambre, kisha likapita kwa Waingereza hadi kwetu, ambako limepata kazi za kila namna, pamoja na ile ya chemba ya majitaka inayofurika kila masika. Kamera ya simu yako nayo ni ya ukoo huohuo, kwa sababu mzee wa kamera zote alikuwa chumba chenye giza kilichotobolewa tundu la kupitishia mwanga.

Waitaliano wa karne ya 17 waliugawa muziki kwa mahali pake: wa kanisani, wa jukwaa la maigizo, na wa camera. Hiyo camera ilikuwa sebule ya mtawala, na nyingine zingemeza nyumba yangu na ya jirani. Kwa hiyo udogo wa mahali haukuwa hoja. Hoja ilikuwa nani kaalikwa. Na hapa Kiswahili kinawashinda watafsiri wake, maana mtu akikuvuta chemba hakupeleki chumbani. Mnaweza kusimama chini ya mwembe mchana kweupe; amekutenga tu na umati ili mzungumze.

"Kimapenzi" nalo ni nusu kosa. Kifaransa cha kale kiliita romanz lugha ya mitaani iliyotokana na Kilatini, kisha hadithi zilizosimuliwa kwa lugha hiyo: mashujaa, majabali, maajabu, na ndiyo, mapenzi. Mwishoni mwa karne ya 18 Wajerumani wakalichukua kutaja sanaa inayotanguliza hisia na ndoto mbele ya kanuni. Wahakiki wetu wa fasihi huiita ulimbwende, jina zuri lenye bahati mbaya, kwa kuwa magazetini mlimbwende ni binti wa mashindano ya urembo. Fantasia ya Schubert ya mikono minne, ya 1828, mwaka aliofariki, haina hata neno moja la mapenzi, wala la kitu kingine. Na ni ulimbwende mtupu.

Nakiri Brahms ananiharibia hoja. Zile walzi (vibao vya mdundo wa dansi) 18 za mwaka 1869 aliziita mwenyewe Nyimbo za Mapenzi. Ila kwenye jalada ziliandikwa kuwa ni za piano kwa mikono minne, kuimba ni kwa hiari! Na si zote zinazobembeleza. Wimbo wa 12 unamwita fundi wa makufuli atengeneze makufuli yasiyo na idadi, ili midomo ya wambea ifungwe yote kwa mpigo. Shabiki wa taarabu hahitaji kufafanuliwa hapo.

Zilipoimbwa Vienna tarehe 5 Januari 1870, kwenye piano alikaa Brahms na mpiga piano Clara Schumann. Ukitaka kuiona chemba, watazame wapigaji wawili wa namna hiyo. Viwiko vinakaribia kugongana. Aliyeko kushoto, upande wa sauti nzito, ndiye kwa kawaida anayekanyaga pedali, kwa hiyo mguu wake lazima usikilize vidole vya mwenzake. Hakuna wa kuwahesabia; mmoja anavuta pumzi, wote sita, wapigaji wawili na waimbaji wanne, wanaanza.

Nimemrudishia jamaa tangazo lake nikiwa nimependekeza: "Muziki wa chemba wa enzi ya ulimbwende." Akiona ulimbwende litawaleta waliovaa kwa ajili ya mashindano ya urembo, basi abaki na "kimapenzi", sitagombana. "Chumbani" tu ndilo nimemwomba alifute. Na yule dada ajibiwe: watoto waje.