Kerbal Space Program na dhana potofu za kurusha roketi

Kerbal Space Program, gemu ya kompyuta ya kuunda na kurusha roketi, ilitolewa kwa umma Juni 2011 ikiwa bado changa kabisa. Walioiunda, Squad, walikuwa kampuni ya masoko ya Jiji la Mexico, na gemu ilifika toleo la 1.0, yaani toleo kamili la kwanza, Aprili 2015 tu. Katika miaka hiyo karibu minne watu waliunda roketi huku kanuni za gemu zikiendelea kubadilika. Dhana nyingi zinazowakwamisha wachezaji wapya zilizaliwa wakati huo. Nyingine ni za zamani kuliko gemu yoyote.

Dhana: Ukipanda juu vya kutosha, umeingia kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka sayari.

Ukweli: Hii ndiyo inayoangusha roketi nyingi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo. Kwenye Kerbin, sayari ya nyumbani, angahewa linakoma kwenye kimo cha kilomita 70. Unaweza kulivuka, ukafika kilomita 200, na bado ukaporomoka moja kwa moja. Kinachokuweka kwenye obiti ni kasi ya kwenda upande: karibu mita 2,280 kwa sekunde ukiwa kilomita 80 juu. Mvutano wa sayari haujaisha huko. Chombo kinaanguka muda wote, ila kinakwenda upande kwa kasi kubwa hivi kwamba ardhi inapinda chini yake na hakiigusi kamwe.

Historia inathibitisha. Mei 1961 mwanaanga wa Marekani Alan Shepard alipanda kilomita 187 na baada ya robo saa hivi akawa ameshatua baharini. Februari 1962 mwenzake John Glenn aliizunguka Dunia mara tatu, na kwa sehemu ya kila mzunguko alikuwa chini ya kimo kile cha Shepard. Tofauti yao ilikuwa kasi.

Dhana: Ukitaka kukifikia chombo kilicho mbele yako, washa injini ukifuate.

Ukweli: Ukiongeza kasi, obiti yako inapanuka, mzunguko unakuwa mrefu, na unabaki nyuma zaidi. Ukitaka kumkaribia aliye mbele, punguza kasi ushuke kwenye obiti ya ndani, umpate kwa chini, kisha panda tena. Ukiona jambo hili ni gumu, usivunjike moyo: Juni 1965 James McDivitt, rubani wa kweli, alikilenga kipande cha roketi yake akiwa ndani ya chombo cha Marekani cha Gemini 4, na kadiri alivyosukuma ndivyo kilivyomponyoka. Desemba mwaka huohuo Gemini 6A na Gemini 7 zilisogeleana hadi chini ya mita moja, kwa sababu hesabu zilifanywa kwanza.

Dhana: Injini na matangi zaidi, safari ndefu zaidi.

Ukweli: Mafuta unayoongeza yanahitaji mafuta mengine ya kuyabeba. Mwanasayansi wa Urusi Tsiolkovsky aliliweka jambo hili kwenye mlinganyo mwaka 1903. Punguza kwanza uzito wa sehemu ya juu kabisa ya roketi, na tangi likiwa tupu, liachie.

Dhana: Upande unaorushia hauna maana.

Ukweli: Uwanja wa kurushia wa Kerbin upo karibu kabisa na ikweta, bahari ikiwa mashariki yake. Ukielekea mashariki, mzunguko wa sayari unakupa bure mita 175 hivi kwa sekunde; ukielekea magharibi, hizo lazima uzilipe kwa mafuta. Ni faida ileile iliyotumika kwenye jukwaa la kurushia roketi la San Marco, baharini karibu na Malindi, ambako Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri ya Kenya, satelaiti ya Uhuru ilirushwa. Duniani zawadi hiyo ni mita 465 kwa sekunde kwenye ikweta. Mchezaji wa pwani yetu ana haki ya kujivunia hapo.

Dhana: Ushauri wa wakongwe unafaa kwa kila toleo.

Ukweli: Kabla ya 1.0, ukinzani wa hewa ulihesabiwa kwa uzito wa kipande bila kujali umbo lake. Pua iliyochongoka ilikuwa mzigo tu! Joto la kurudi kwenye angahewa nalo halikuunguza chochote. Ndiyo maana wakongwe walipanda wima hadi kilomita 10 ndipo wakainamisha roketi. Leo unaanza kuinama polepole mara tu baada ya kuondoka chini, pua inasaidia, na ngao ya joto ni ya lazima ukirudi kwa kasi kutoka mbali. Kabla ya kufuata maelekezo yoyote, angalia yaliandikwa kwa toleo gani.

Dhana: Gemu inayouzwa ikiwa changa lazima siku moja itakamilika.

Ukweli: Ya kwanza ilikamilika. Kerbal Space Program 2 iliingia sokoni ikiwa changa Februari 2023, na sasisho zikakoma katikati ya 2024. Makoloni, safari za kwenda nyota nyingine na uchezaji wa watu wengi pamoja, mambo yaliyoahidiwa, hayakuwahi kuwafikia walionunua.