Kwanini rapa kwenye slomo (video ya mwendo wa polepole) anatembea kama yupo ndotoni ila mdomo unaenda sawa na wimbo?



Kwenye vichupa, yaani video za nyimbo, kuna ile slomo ambayo nguo inaelea na mtu bado anachana sawasawa na biti. Mimi miaka yote nilijua msanii anachana taratibuuu, anavuta maneno, na nimewaeleza watu hivyo kwa kujiamini kabisa. Sio kweli, na ukiwaza vizuri haiwezekani, maana mdomo unaweza kuupunguza kasi ila vumbi huwezi kuliambia lishuke polepole, wala dredi zikae hewani. Anayepunguza mwendo ni kamera, msanii yeye anakimbizwa.

Chukulia viazi vya Uyole. Kamera inajaza gunia viazi 48 kwa sekunde, yaani fremu 48, picha moja moja, ila kichupa kikichezwa kinatoa 24 tu kwa sekunde. Gunia la sekunde moja litaisha baada ya sekunde mbili, ndo slomo hiyo. Kwahiyo maneno ya sekunde mbili lazima yaingie gunia la sekunde moja, na wimbo unapigwa lokesheni kwa spidi mara mbili, biti ya 80 kwa dakika inakuwa 160, halafu picha ikipunguzwa nusu mdomo unarudi sawa na wimbo wa kawaida.

Nimeshuhudia Isimila pale Iringa, kati ya zile nguzo za udongo, spika ndogo imewekwa chini inalia kama katuni, dogo anachana wimbo wa dakika tatu kwa dakika moja na nusu, mishipa ya shingo imemtoka, anaomba maji kila teki. Mistari ikiwa mizito wanashusha hadi fremu 36, spidi mara moja na nusu, mdomo unawahi. Na sio kila slomo ina mbio hizi, kama mdomo hauonekani hakuna haja.

Kichupa nilikuja kukiona baadae: vumbi limening'inia hewani, dogo anageuka kama hana haraka yoyote, na kila neno liko mdomoni mwake.