Howells hakuwa mwandishi wa tabasamu tu

Kwa muda mrefu William Dean Howells (1837–1920), mwandishi wa riwaya na mhakiki wa Marekani, amedhaniwa kuwa mtu wa sebuleni aliyeyakwepa machungu ya maisha. Dhana hiyo hutegemea maneno yake ya mwaka 1886, alipowahimiza waandishi wa kwao waangalie pande za maisha zenye tabasamu. Maneno ambayo, kwa kweli, hayakumsaidia. Hata hivyo, mwaka 1887, wengi wakiwa wamenyamaza, aliandika gazetini akiwaombea msamaha waliohukumiwa kunyongwa katika kesi ya Haymarket, Chicago, iliyowahusu wanaharakati walioshtakiwa baada ya bomu kulipuka kwenye mkutano wa wafanyakazi. Na katika riwaya yake A Hazard of New Fortunes, kijana Conrad Dryfoos anauawa kwa risasi kwenye mgomo wa wafanyakazi wa tramu, akijaribu kumnusuru mzee anayepigwa na polisi.