Vitabu vya marehemu hufikaje barabarani

Wanaosimama kwenye meza yangu hapa Posta, Dar es Salaam, karibu wote huniuliza: vitabu hivi unavitoa wapi? Wengi hudhani vinakuja kwa marobota kama nguo za mitumba. Vya Kiingereza, baadhi huja hivyo. Lakini riwaya ya Kiswahili ya miaka ya sabini, jalada limepauka na jina la mwenyewe limeandikwa kwa wino ukurasa wa kwanza, haikupanda meli. Imetoka Magomeni, Temeke au Upanga, kwenye nyumba iliyofiwa.

Mambo huenda hivi. Mzee anafariki, ndugu wanakaa matanga, arobaini inapita, ukoo unakaa kikao cha mirathi. Kiwanja kina wagombea. Shamba lina wagombea. Hata redio na saa ya mkononi havikosi wa kuvitaka. Kwenye vikao vyote nilivyowahi kusimuliwa, sijasikia ndugu wamekosana kwa ajili ya vitabu. Vinabaki kwenye sanduku chini ya kitanda mpaka chumba kitakapotafutiwa mpangaji, na hapo ndipo anapoitwa kijana anayenunua karatasi kwa kilo. Kwenye mzani wake daftari la hesabu na diwani ambayo haijachapwa tena kwa miaka hamsini vina bei moja, na vyote vinaweza kuishia kufungia karanga.

Hao vijana ndio mhimili wa kazi yangu. Nimeelewana nao kwamba wakiitwa nyumba ya mwalimu, karani, padri au shehe, wanipigie simu kabla ya kupeleka mzigo mbele. Nawapa zaidi ya bei ya kilo, tena papo hapo, maana wao wanakula kwa siku.

Nikifika huanza na kitabu cha chini kabisa. Masanduku yetu hukaa sakafuni na mchwa hupandia chini, kwa hiyo vya juu vinaweza kung'aa na vya chini vikawa udongo mtupu. Kisha namtafuta mchapishaji. Nikiona East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, au Tanzania Publishing House ya mwaka 1966, kitabu hicho nakiweka pembeni bila hata kusoma jina lake, kwa sababu vingi vyao havipatikani tena dukani. Ninachokitamani kuliko vyote ni gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, ambamo Shaaban Robert na washairi wenzake walitoa tungo zao. Hilo siliweki mezani kamwe. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na lignini yake, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Mwanga na hewa vikiipata inageuka manjano, halafu kahawia, mwishowe inakatika ukiikunja tu. Ongeza joto na unyevu wa pwani, ukungu nao unakaribia. Mengi yamekwisha kupotea hivyo, nami kila likipotea moja naumia.

Kifo cha mwandishi kina mwendo wake tofauti. Zamani matangazo ya vifo yalisubiriwa Redio Tanzania, watu wamenyamaza kimya. Leo neno TANZIA linaingia kwenye simu, na ndani ya saa moja barabara nzima inajua. Euphrase Kezilahabi alipofariki tarehe 9 Januari 2020, walikuja watu wazima, wengine na mvi, wakitaka Rosa Mistika. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1971 ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, na baadhi yao waliniambia waliisoma kwa kujificha chini ya shuka. Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki Mei 2025 ikawa vilevile, safari hii vijana wengi. Jirani yangu muuza magazeti huwa na umati unaoinama kusoma vichwa vya habari bila kununua, na siku hizo umati wake unahamia kwangu. Baada ya wiki mbili hivi, kimya.

Wenzangu hupandisha bei siku ya tanzia. Mimi sipandishi, na tumeshabishana sana juu ya hilo. Mtu anayemkumbuka mwandishi wake siku anayozikwa amekuja na jambo moyoni; kumchaji mara mbili ni kumfukuza asirudi siku za kawaida, na mwandishi anaishi kwenye siku hizo za kawaida. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel, yu hai na mzima, niliulizwa kitabu chake cha Kiswahili nikakosa cha kutoa. Peponi, tafsiri ya riwaya yake Paradise, ilitoka mwaka uliofuata. Natamani tuwatafute wote wakiwa bado wanaweza kujibu salamu zetu.

Ila kifo kinachonigusa zaidi ni cha msomaji, kwa sababu hakuna gazeti litakaloandika kwamba mtu aliyesoma sana amefariki. Karibuni niliitwa kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu. Binti yake alinipokea mlangoni, amechoka na msiba.

"Kaka, chukua zote. Sisi hatuna pa kuziweka."

"Pole sana, dada. Hebu tukae kidogo tuvipitie kwanza."

Katikati ya vitabu palikuwa na daftari la mistari lenye safu tatu alizozichora kwa rula: jina la mwanafunzi, kitabu alichoazima, tarehe ya kurudisha. Kitabu kikirudi aliweka vema kwa kalamu nyekundu. Kisiporudi aliandika "amehama" au "ameolewa", na jina moja alilikata kwa mstari ulionyooka akaandika "marehemu". Binti akalishika daftari, akaanza kusoma majina kwa sauti, akamkuta shangazi yake mdogo humo. Vitabu alinipa. Daftari lilibaki, na ndivyo nilivyotaka.

Wapo wateja wanaoogopa jina la marehemu, wananiomba nilifute. Silifuti. Maandishi ya penseli pembeni, mhuri, mahali kiliponunuliwa, yote naviacha, na kitabu chenye alama za msomaji makini nakiuza ghali kidogo kuliko kisichoguswa. Anayekinunua anapata na mwalimu ndani yake.

Kama nyumbani kwenu kuna sanduku kama hilo, msilipime kwanza. Shikeni kila kitabu kwa mgongo, mkikung'ute taratibu kurasa zikitazama chini, kwa kuwa wazee wetu waliweka humo kila walichokithamini: picha, barua, stakabadhi za ada. Nimewahi kukuta hati ya nyumba ndani ya kamusi, na familia ilikuwa imeshaanza kuitafuta mahakamani.