Kahawa kabla ya mbio: kikombe kimoja, miili miwili

Swali: Mimi na mwenzangu tulikunywa kahawa chungu sawasawa kabla ya mbio za kilomita 21. Yeye alipaa. Mimi mikono ilitetemeka, moyo ukanienda mbio na tumbo likavurugika. Je, nina ugonjwa?

Kwa dalili hizo peke yake, hapana. Mwili wako umeipokea kafeini kwa namna yake, na tofauti hiyo inaanzia sehemu mbili: ubongo na ini.

Kadiri tunavyokaa macho, ubongo hulimbikiza kemikali iitwayo adenosini, ambayo kazi yake ni kuuambia mwili kwamba umechoka. Kafeini huwahi kukaa kwenye viti vya adenosini, ule ujumbe wa uchovu ukakosa mahali pa kufikia. Ndiyo maana kasi ileile ya jana leo unaiona nyepesi. Lakini viti hivyo hatukurithi vya aina moja. Wapo watu ambao hata kiasi kidogo huwaletea wasiwasi na kutetemeka, na hawawezi kujizuia kwa kujikaza.

Ini nalo lina kimeng'enya kiitwacho CYP1A2, ambacho huvunja takriban asilimia 95 ya kafeini. Kwa kawaida nusu ya kafeini huondoka mwilini kwa saa 5 hivi, ila kuna ambao huchukua saa moja na nusu tu, na wengine zaidi ya saa 9. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kuongeza muda huo karibu mara mbili, na mimba ya miezi ya mwisho huurefusha zaidi. Mvutaji sigara huivunja upesi. Akiacha kuvuta (na aache), kahawa yake ya siku zote itamzidi, hivyo aipunguze.

Swali: Ina maana kuna watu ambao kafeini huwapunguzia kasi?

Inawezekana. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walichapisha utafiti wa wanamichezo wanaume 101 waliopimwa kwenye baiskeli kwa kilomita 10. Waliokuwa na jeni ya kuvunja kafeini haraka waliboresha muda wao kwa karibu asilimia 7 walipopewa miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito. Waliokuwa na jeni ya kuivunja polepole zaidi walichelewa kwa karibu asilimia 14. Kundi hilo la mwisho lilikuwa na watu 8 tu, na tafiti nyingine hazikupata tofauti kubwa namna hiyo. Kwa hiyo sikushauri utoe pesa kupima jeni kwa ajili ya kahawa. Mazoezi yako yatakueleza vizuri zaidi.

Swali: Nianze na kiasi gani?

Tafiti nyingi hutumia miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni 180 hadi 360, na kwa anayeanza ni nyingi. Anza na miligramu 100 hivi, dakika 45 hadi 60 kabla ya mazoezi marefu ya Jumamosi, kamwe si siku ya mbio yenyewe. Andika ulivyojisikia, ulivyokimbia na ulivyolala usiku ule. Ukifika miligramu 9 kwa kilo, kasi haiongezeki tena, madhara ndiyo yanayoongezeka.

Shida ni kwamba kikombe hakina kipimo. Kijiko cha chai cha kahawa ya kopo kina miligramu 60 hivi, kopo dogo la kinywaji cha kuongeza nguvu la mililita 250 lina karibu 80, kikombe cha chai karibu 40. Kahawa ya robusta, ile ambayo wazee wa Bukoba huitafuna, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Umetoka Moshi ukanywa ya Bukoba kwa kikombe kilekile, umejizidishia bila kujua.

Unga safi wa kafeini usiuguse kabisa. Kijiko kimoja cha chai kinaweza kulingana na vikombe 28 vya kahawa, na umeshaua watu.

Swali: Inaruhusiwa kwenye mashindano?

Ndiyo. Iliondolewa kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa Januari 2004.

Swali: Nafanya mazoezi jioni. Ninywe?

Mimi ningekuzuia. Miligramu 400 zilizonywewa saa 6 kabla ya kulala zimeonekana kukata zaidi ya saa nzima ya usingizi, hata kwa watu wasiohisi kuwa wamelala vibaya. Mkimbiaji hujijenga akiwa amelala, hivyo unachopata jioni unakilipa asubuhi.

Swali: Nani asijaribu bila kumwona daktari?

Mwenye shinikizo la damu lisilotulia, mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na mwenye hofu za ghafla. Mjamzito asizidishe miligramu 200 kwa siku nzima, chai ikiwemo. Watoto na vijana wa shule hawahitaji kafeini ili wakimbie. Kocha anayewagawia vinywaji vya kuongeza nguvu uwanjani aambiwe aache.

Na wewe uliyetetemeka: mbio zijazo kunywa nusu ya kile kikombe, au uache kabisa. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au moyo unarukaruka na hautulii ukipumzika, simama hapohapo, mwite mhudumu wa huduma ya kwanza, na umwambie umekunywa nini na saa ngapi.